Breki ya Kiti cha Pembeni

"Dada, hapa kuna chakula gani kisichohitaji kutafunwa?"

Do Bo-ram aliinua macho kutoka kwenye sinia la bilinganya. Ilikuwa Jumapili jioni, saa ya kubandika stika nyekundu za punguzo, na ghorofa ya chakula chini ya duka kubwa moja la mji wa Daegu, Korea, ilikuwa imechafuka: vikapu vinagongana, akina mama wanasukumana kwa viwiko, wauzaji wanaimba bei mpaka sauti zinakwaruza. Bo-ram alikuwa amesimama tangu asubuhi. Nyayo zilimwaka moto, na lile tabasamu la kazini alikuwa amelisahau usoni kama mtu anavyosahau taa bila kuizima.

Mbele ya kaunta yake alisimama mwanamume mwembamba, amevaa fulana ya kijani ya wapanda baiskeli iliyopakaa udongo ubavu mzima. Kofia ngumu ilining'inia mkononi. Kidevu kilichubuka, na shavu moja lilivimba kana kwamba ameficha chungwa.

"Umepigana?" Bo-ram aliuliza.

"Na mti."

"Nani kashinda?"

"Mti bado umesimama."

Kwa mara ya kwanza siku ile Bo-ram alicheka kicheko ambacho duka halikukilipia. Akamfungashia uji wa boga na mayai ya mvuke, akaongeza kipande cha tofu.

"Hii tofu sikuiomba."

"Hiyo haihitaji meno, ulimi tu unatosha. Ulimi unao?"

"Ninao, ila nauacha kazini."

Akalipa, akainamisha kichwa, akaondoka akichechemea. Dada Ok-hui, muuza keki za samaki wa kaunta ya pili, mama wa watu mwenye macho ya kipanga, akasogea.

"Yule atarudi."

"Kwa sababu ya uji?"

"Endelea kujidai hujui."

Alirudi Jumapili iliyofuata na kiwiko kilichofungwa bandeji. Akarudi tena na goti. Kila aliporudi, Bo-ram alimuuliza mlima umemfundisha nini, naye akajibu kwa uzito kama mtu anayesomewa shitaka.

"Nimejifunza nisitazame mti. Ukiutazama sana mti, gurudumu nalo linakwenda kwenye mti."

"Na goti?"

"Goti limenifundisha kwamba ukichoka, usiseme 'mara moja tu ya mwisho.' Hiyo ya mwisho ndiyo inayovunja watu."

"Basi mimi ningekufa siku nyingi. Hapa kila siku ni mara ya mwisho."

Jina lake lilikuwa Seok Tae-gyu, na alikuwa mwalimu wa udereva. Siku sita za juma alikaa kiti cha pembeni, mwanafunzi kashika usukani, na chini ya mguu wake mwenyewe kulikuwa na breki ya pili, ile ya mwalimu. Kutwa nzima aliwatazama watu wakienda kugonga, naye akawazuia.

"Breki! Breki! Ndiyo wimbo wangu," alimwambia Bo-ram siku walipokaa mara ya kwanza mahali penye viti, wakila tambi baridi. Bo-ram alivaa gauni la bluu lililokaa kabatini mpaka likakata tamaa. Tae-gyu alipiga pasi shati na kusahau kola. "Nikilala mguu wangu unakanyaga shuka. Jumapili tu ndiyo nashika usukani wangu mwenyewe. Ndiyo maana napanda mlima."

"Na ndiyo maana unaanguka. Hujazoea."

"Yawezekana," akasema, akacheka taratibu, akilisugua goti lake.

Bo-ram alikuwa amefika ule umri ambao mashangazi wameacha kuuliza utaolewa lini. Hakutegemea kitu. Lakini simu zikaanza.

"Umekula?" ndivyo Tae-gyu alivyoanza kila simu.

"Nimekula. Wewe, Mwalimu?"

"Leo mwanafunzi kaingia na gari kwenye duka la maua."

"Umeumia?"

"Hapana. Nimekununulia maua, ingawa yamelalia ubavu kidogo."

Kiangazi kilipoanza, Bo-ram alimbembeleza msimamizi mpaka siku yake ya mapumziko ikahamia Jumapili. Tae-gyu akampa baiskeli yake ya zamani, akakishusha kiti chake, akamvisha kofia ngumu na kuifunga kamba kidevuni. Akampeleka kwenye kundi lao la wapanda baiskeli wa mlimani. Mwenyekiti wa kundi, Bwana Gil, fundi miwani mwenye masharubu meupe, alimtazama Bo-ram juu mpaka chini.

"Binti, umewahi kuanguka?"

"Bado."

"Utaanguka. Hapa tunahesabu kuanguka kama shule. Wewe Tae-gyu, kwa kuwa umemleta, utakaa mkiani."

Kukaa mkiani ni kuwa wa mwisho katika msafara. Mtu wa mkiani hampiti mtu wala hamwachi mtu. Tae-gyu akakaa nyuma ya Bo-ram, na Bo-ram akagundua jambo ambalo hakulitarajia: alikuwa na kipaji. Miguu iliyozoea kusimama ilifurahi kuzunguka. Kwenye miteremko aliinuka juu ya kiti, akarudisha nyonga nyuma, akatupa macho mbali, na baiskeli ikamfuata kama mbwa anayejua njia ya kwao. Akifika chini, uso umepata rangi na nywele zimeganda shingoni kwa jasho, alimgeukia mpenzi wake.

"Umeona, Mwalimu?"

"Nimeona mgongo tu. Mzuri."

"Mgongo au uendeshaji?"

"Usinibane, laazizi. Watu wanasikia."

Ilikuwa hivyo mpaka majani yalipoanza kudondoka.

Jumapili hiyo mvua ilikuwa imepita alfajiri. Kwenye ule mlima kuna mahali mizizi ya msonobari imetoka nje ya udongo na kulala njiani kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Ikilowa huteleza kama sabuni. Bo-ram alikuwa ameshaichagua njia yake: kushoto kwa mzizi mnene, kisha kuiachia baiskeli iende. Macho yalikuwa mbele, penye mwanga. Hakuwa na hofu.

"Breki!"

Sauti ilitoka nyuma yake. Vidole vikatii kabla ya akili, vikaiminya breki ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu likasimama. Bo-ram hakusimama.

Alipozinduka sawasawa alikuwa hospitalini, mtulinga, ule mfupa wa begani, umevunjika, meno mawili ya mbele yamekatika ncha. Tae-gyu alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, ameshika kiatu kimoja cha Bo-ram chenye tope, anakigeuzageuza.

"Nisamehe, Mwalimu," Bo-ram alisema kwa mdomo uliovimba. "Uliniambia vizuri. Mimi ndiye niliyeshika vibaya, kama mjinga."

Tae-gyu alikwangua tope la soli kwa ukucha. Akaendelea kukitazama kile kiatu. Bo-ram akaona uso wa mwanamume aliyechoka na mwanafunzi wake.

Dukani walimwondoa kaunta. Hawakusema ni kwa sababu ya meno. Walisema ni kwa ajili ya bega, apumzike. Wakampeleka jikoni nyuma, penye mvuke na maji baridi, akamenya vitunguu kwa mkono mmoja pasipo mteja wa kumwona. Jioni alirudi chumbani kwake, akala wali ulioungwa na supu ya jana, akiwa amesimama karibu na sinki kwa sababu kukaa kulimtaka ainuke tena. Simu za Tae-gyu zikapungua. Mwanzoni zilikuwa fupi. Baadaye zikawa fupi na chache. Siku moja, theluji ikidondoka dirishani, ikaja ile iliyomaliza yote.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Hakuna kati yao aliyekuwa amekula.

"Bega je?"

"Siku hizi linajua mvua kabla ya redio."

"Baiskeli nimeisafisha, nimeitundika kwangu. Usipande tena, Bo-ram."

"Kwa nini?"

"Mimi nimejitoa kundini. Nimeona ni heri tupumzike."

"Tupumzike na baiskeli, au mimi na wewe?"

Mwanamume wa Daegu akibanwa hujificha ndani ya kimya, na hata mama yake mzazi hamtoi humo.

"Sema, Mwalimu. Nakuaibisha? Meno yangu? Nimechoka kusoma kimya chako, mimi sina elimu hiyo."

"Wewe pumzika tu," akasema, kwa sauti ya mtu aliye mbali na simu yake.

Bo-ram akakata. Akaiweka simu juu ya mto na kuitazama, isiite.

Dada Ok-hui ndiye aliyemwona anavyokwisha. Alikuwa akiingia jikoni kwa kisingizio cha kuchota maji ya moto.

"Umekonda mpaka aproni inakuzunguka mara mbili."

"Nimechoka tu, dada."

"Kuchoka nako kuna aina. Uchovu wangu wa kusimama unaisha nikilala. Huo wako nikiutazama naona unalala nawe."

Bo-ram akaendelea kumenya. Macho yalimtoka machozi, na kitunguu kikabeba lawama.

Majira ya baridi yalipoanza kulegea, Bwana Gil alifika kaunta kuagiza keki za mchele na mboga za sherehe ya kundi. Kila mwanzo wa msimu, kabla ya mtu kukanyaga pedali, wapanda baiskeli hupanda mlimani na kumwinamia mwenye mlima, roho inayoulinda, wakiomba mwaka usiwe na ajali. Bwana Gil alipoambiwa Bo-ram yuko jikoni, aliingia mpaka huko na miwani yake ikajaa mvuke.

"Binti, Jumapili hii unakuja."

"Mimi si mtu wa kundi tena, Bwana Mwenyekiti."

"Umeanguka au hukuanguka?"

"Nimeanguka."

"Basi huna ruhusa ya kukosa. Walioanguka ndio wanaotangulia kuinama, na kila mmoja humwambia mlima alichofundishwa. Asiposema, fundisho linabaki njiani linamsubiri mwingine. Unataka mwingine avunjike kwa kitu unachokijua wewe?"

"Na yeye atakuwepo?"

Bwana Gil alifuta miwani kwa ncha ya tai. "Yeye hakuanguka," alisema. "Siwezi kumlazimisha."

Bo-ram alikwenda. Alivaa koti la njano alilokuwa amelivaa siku ya ajali, bega limeshonwa kwa uzi usiofanana sana, na shali nyekundu aliyoivuta mpaka mdomoni. Baiskeli zilipangwa safu moja, zimeoshwa, zinang'aa kama watoto wa shule siku ya kwanza. Juu ya meza ndogo kulikuwa na keki za mchele, matufaha, bakuli za makgeolli, pombe nyeupe ya mchele, na katikati kichwa cha nguruwe cha tambiko, kilichochemshwa, macho yamefumbwa, mdomo umetabasamu kama kimesikia umbea.

Bo-ram alitupa jicho nyuma ya watu. Tae-gyu alikuwepo. Alisimama mbali, karibu na mti, mikono mfukoni. Alikuwa amekonda na yeye, na kola yake, kama kawaida, imejikunja. Hawakusalimiana.

Walioanguka wakaanza. Mzee mmoja mwenye bandeji akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasimama. "Mlima, nimejifunza kutompokelea mke wangu simu kwenye mteremko." Watu wakacheka, na mkewe, aliyekuwa akikata matufaha, akasema, "Na mimi nimejifunza kutopiga. Sasa nani atamkumbusha dawa?" Kijana mwenye mkono shingoni akasema amejifunza kwamba ukimfuata aliye mbele gurudumu kwa gurudumu, unaanguka kuanguka kwake. Mwingine akasema yeye hakujifunza kitu, mlima umsamehe, atajaribu tena mwaka huu.

Zamu ya Bo-ram ikafika. Bega lilimuuma alipoinama. Aliinuka taratibu kama mtu anayepandisha gunia. Akaishusha shali.

"Mlima," alisema, "nimejifunza kwamba mwalimu anaweza kuwa mwema na mwanafunzi akawa mzito. Aliniambia breki. Nikashika ya mbele. Halafu nimejifunza kwamba mtu anaweza kuchokwa. Ni hayo tu."

Bwana Gil alikuwa ameshainua bakuli kumwaga pombe chini alipoona Tae-gyu anatoka kule kwenye mti. Alipita katikati ya watu, akavua viatu, akakanyaga mkeka.

"Wewe hukuanguka," Bwana Gil alisema.

"Nilianguka. Baiskeli ndiyo haikuanguka."

Akainama. Alikaa chini muda mrefu kuliko desturi, mpaka mtu akakohoa. Alipoinuka hakuutazama mlima, alimtazama Bo-ram.

"Hakuwa amekosea," alisema. "Alikuwa anapita vizuri. Nilikuwa nyuma, nauona mgongo wake, nauona mzizi, na mguu wangu ukakanyaga. Ukakanyaga hewa. Miaka yote hii nikiona mtu anakwenda pabaya nakanyaga na gari linasimama. Pale hapakuwa na breki yangu, nikapiga kelele. Mtu akishtuliwa kwenye mizizi hushika chochote. Mlima, nimejifunza kutompigia kelele mtu anayejua anakokwenda. Nimemvunja mimi."

Bo-ram alimkodolea macho. Majira mazima ya baridi alikuwa amekibeba kitu kizito, na kumbe hata hakikuwa chake.

"Ulijua tangu hospitali?" aliuliza.

"Tangu kabla hujafika chini."

"Na nilipokuomba msamaha ukanyamaza."

"Nilidhani unanikejeli. Halafu nikaona hukejeli, ndiyo ikawa mbaya zaidi."

"Kwa hiyo ukaniacha."

"Ili usiumie tena kwa sababu yangu."

Bo-ram akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, na meno yake yaliyokatika yakaonekana na hakuyaficha. "Mwalimu, unajua ulichofanya? Ulishtuka, ukashika ya mbele kwa nguvu zote. Wewe ukasimama. Mimi ndiye niliyeruka juu ya usukani, mara ya pili."

Mke wa yule mzee akasema polepole, akiendelea na matufaha yake, "Huyu binti angefundisha udereva."

"Nimechoka," Bo-ram alisema. "Nimechoka na vitunguu, nimechoka na simu isiyoita. Sina nguvu za kukuchukia, ni kazi nyingine hiyo. Baiskeli yangu iko wapi?"

Tae-gyu akaelekeza kidole. Ilikuwa mwisho wa safu, kando ya ile ya Tae-gyu, kiti kimeshushwa kwa kimo chake, breki zimefungwa waya mpya. Aliileta asubuhi ile bila kujua kama mwenye nayo atakuja.

"Nitapita pale penye mizizi," Bo-ram alisema. "Wewe kaa mkiani. Nikisikia hata kikohozi, naendelea moja kwa moja mpaka kituo cha mabasi na hutaniona tena."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka kuanguka kwangu."

Bwana Gil akamwaga pombe juu ya udongo, akayatikisa masharubu kuwapa ruhusa.

Wakapanda. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado imejificha chini ya misonobari, na udongo, uliokuwa ukiyeyuka juu na kuganda chini, ulinong'ona chini ya matairi. Bega liliuma. Bo-ram hakuharakisha; aliendesha kama mtu anayerudi nyumbani kutoka zamu. Mizizi ilipotokea, macho yakataka kushuka kwenye ule mzizi mnene. Akayainua. Kushoto, kisha mbele, penye mwanga. Nyuma yake aliyasikia magurudumu ya Tae-gyu, karibu, na juu ya hayo hakusikia kitu. Hakuwahi kudhani kimya cha mtu kinaweza kuwa kizito hivi, wala kwamba kingeweza kumshika mgongoni bila kumsukuma. Gurudumu la mbele liliteleza upana wa kidole kimoja. Vidole vyake vikakaa juu ya breki, vyepesi. Gurudumu likajishika lenyewe.

Akafika chini. Akaweka mguu mmoja ardhini na kuhema, mvuke ukimtoka mdomoni. Kisha akageuka.

Tae-gyu alikuwa anasimama hatua chache nyuma yake. Macho yalikuwa mekundu, na mkono mmoja haukuwa na glavu. Glavu ilikuwa mdomoni. Alikuwa ameiuma kwa meno yote, ngozi imekunjamana, mate yamelowesha vidole vya glavu, kama mtu aliyekuwa akitolewa risasi bila ganzi.

Bo-ram alimtazama. Uchovu wa miezi ulikuwa bado magotini, begani, kwenye kope, haukwenda popote. Lakini ulikaa tofauti, kama mzigo ambao mtu wa pili ameshika upande wake.

"Umeiuma tangu wapi?"

Tae-gyu akaonyesha juu, mwanzo kabisa wa mteremko.

Bo-ram akaiegemeza baiskeli yake kwenye mti, akamwendea, akaikunjua ile kola ikakaa sawa.

"Mimi sitaacha kupanda," alisema. "Na nitaanguka tena, siku moja. Nikiolewa na mtu, anatakiwa aweze kukaa nyuma hivyo hivyo mpaka tuzeeke. Utaweza?"

Tae-gyu, glavu ikiwa bado katikati ya meno, akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena. Na Bo-ram hakumwambia aitoe.